Juzuu ya Kumi na Saba

Sogeeni karibu. Mwenye chungu jikoni akakiepue kwanza, maana hadithi hii nikishaianza sirudi nyuma, na mwisho wake nitawatwika nyinyi. Msije mkaniambia hamkusikia vizuri.

Pangani palikuwa na watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Bi Mwanahija binti Kombo alijaliwa ulimi usioweza kuficha kosa lake mwenyewe. Si umbea, maana ya wengine aliyanyamazia. Yake ndiyo yalimwasha. Siku moja alivuka mto hadi Bweni kwa nazi moja tu aliyokuwa amepewa zaidi, akairudisha, akarudi zake jua la utosi.

Shomari mchimba visima alijaliwa mwili wa kazi. Mahali ambapo wenzake walichungulia wakasema "humo siingii", yeye alivua shati akaingia. Hakusoma hata darasa moja, si la serikali wala la madrasa, lakini vidole vyake vilijua udongo wa mfinyanzi na wa kichanga hata gizani.

Maalim Dhikiri alijaliwa mkono wa kuandika. Vibao vya dua, majina juu ya milango, hati za ndoa za watu waliotaka zipendeze, vyote vilipita kwake. Uzee ulikuwa umeanza kuutetemesha mkono huo, na yeye alichukia sana mtu akiliona hilo.

Wa nne ni Mwantumu, na huyu ndiye tutakayekaa naye. Mtaniuliza, naye alijaliwa nini? Siku zile, hakuna. Alikuwa amefiwa na baba yake, Mzee Mwinyimvua, na moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Alikula alipoambiwa kula. Watu walipomwambia "pole" aliitika "nimeshapoa", na alipomaliza kuitika hakukumbuka ni nani aliyempa pole.

Sasa Mzee Mwinyimvua mwenyewe. Huyu alikuwa karani wa shamba la mkonge, na kila mwisho wa wiki alipanda baiskeli yake akaenda kutafuta. Alitafuta nini? Kazi za mikono za Kiislamu. Vyetezo vya shaba, marufaa za kuchonga za kuwekea msahafu, mabakuli ya kaure yaliyong'oka kwenye mihrabu zilizobomoka, kofia za viua, mbao za milango zenye aya. Kipumbwi wanamjua, Mkwaja wanamjua, na mbwa wa Mwera walishachoka kumbwekea.

Lakini ukiingia nyumbani kwake ulikuta kuta tupu. Wageni waliotoka mbali kuja kuona mkusanyiko wake walikaa kwenye mkeka wakitazamana. Mzee akacheka, akachukua bakora, akawatembeza mjini. "Chetezo cha Lamu? Kiko kwa bibi yule pale, anafukizia nguo. Marufaa ya msandali? Twendeni madrasa, lakini tungoje watoto wamalize kusoma." Kila alichokipata alikipeleka kikatumike. Alikuwa akisema kitu kizuri kisiposhikwa na watu kinakufa, na mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimjibu kwamba ndiyo maana yeye hana hata sahani moja nzuri ndani ya nyumba.

Kimoja tu alikiweka karibu. Ni sanduku la mti lenye juzuu thelathini za Kurani zilizoandikwa kwa mkono, zote na mwandishi mmoja asiyejulikana jina, kwenye karatasi nene ya zamani, kila ukurasa wa kwanza umezungushiwa majani mekundu na manjano. Zilikuwa zimetawanyika kwa warithi wa nyumba kumi na kitu, na Mzee alizisaka miaka kumi na tisa mpaka zikatimia. Moja aliipata kwa kuwapa wenyewe cherehani. Nyingine aliipata kwa kumwuguza mwenye nayo mwezi mzima. Zilipotimia aliandika ndani ya kila jalada: *Wakfu kwa wafiwa.* Bi Mwanahija, jirani yake ukuta kwa ukuta, alizishonea mifuko ya kitambaa cha marekani, na juu ya kila mfuko akatarizi namba kwa uzi mwekundu. Tangu hapo, kila palipofiwa sanduku liliitwa, watu thelathini wakachukua kila mmoja juzuu yake, na hitima ikasomwa kwa kikao kimoja.

Kabla hajafa alimwita Mwantumu, aliyekuwa ameolewa Morogoro. "Sanduku usiende nalo kwako," alimwambia. "Mpe mtu wa hapahapa, atakayelitoa kila likiombwa. Utamjua." Mwantumu akasema, "Sawa, baba." Wiki hiyohiyo Mzee akafariki.

Siku ya tatu ikasomwa hitima yake. Wanaume walisoma msikitini, wanawake wakasoma nyumbani kwa juzuu zilezile za sanduku. Watu walikuwa wengi mpaka wakafurika kwa Bi Mwanahija, na juzuu kadhaa zikavuka ukuta pamoja nao. Jioni mifuko ikarudishwa. Mwantumu akaihesabu mmoja mmoja kwa kidole, ikatimia thelathini, akafunga sanduku. Alihesabu mifuko. Ndani hakuchungulia, wala haikumpitia akilini kuchungulia.

Siku ya arobaini, baada ya dua, alifungua sanduku mbele ya watu ili wazione kabla hajatafuta wa kumpa. Akatoa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika kwenye mfuko wa kumi na saba akatoa juzuu ya dukani, ya kupigwa chapa, karatasi nyeupe inayoteleza, na kona moja imeungua. Ami yake, Mzee Mbaruku, akaishika, akaigeuza, akamtazama.

"Mwantumu, hii ndiyo nini?"

"Sijui, ami."

Alitafuta ndani yake hasira, au aibu, au hofu, chochote cha kushika, akakosa. Akasikia sauti yake ikisema, kana kwamba inasoma tangazo: "Atakayeirudisha juzuu ya kumi na saba, sanduku litakaa kwake yeye alitunze. Nimesema mbele yenu."

"Mwanangu, ungengoja kidogo," ami akasema.

"Nimeshasema, ami."

Naam, ahadi ndiyo hiyo. Ishikeni vizuri, maana mtaihitaji.

Asubuhi yake Bi Mwanahija alikuja kabla chai haijachemka. Hakukaa. Alisimama katikati ya ukumbi, kanga ameikaza kichwani.

"Mwantumu mwanangu, ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Juzuu. Siku ya hitima, watu walipotoka kwangu, nilikuta mfuko wa kumi na saba mtupu juu ya mkeka, na kando yake juzuu ya kumi na saba, kumbe ni yangu ya dukani. Macho yangu jioni hayaoni vizuri; nikadhani mtu kaichopoa, nikairudisha mfukoni. Halafu kwenye kona nikakuta juzuu kuukuu, uzi umekatika, kurasa zinadondoka. Nikadhani imetoka kwenye kapu la marehemu mama mkwe wangu, lile ninalokusanyia kurasa chakavu za msahafu. Nikaibusu, nikaitia kapuni. Na kapu nimelipeleka kisimani."

Kisima anachosema ni kile kikavu cha nyuma ya msikiti wa zamani, ambamo watu wa mtaa ule hutia kurasa chakavu za Kurani zisije zikakanyagwa. Kilichoingia humo huhesabiwa kimezikwa.

"Jana nilipoiona kona ile imeungua nikajua ni yangu," Bi Mwanahija akaendelea. "Iliungua kwa mshumaa wangu. Hakuna mwingine aliyejua. Ningenyamaza, mngetafuta mpaka kiyama."

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Mwantumu alimtazama akilia na akaona wivu kidogo wa machozi yale, basi. Akamkaribisha chai.

Wazee wa msikiti walipoambiwa, walikataa. Kisima hakifunguliwi. Mtu akiingia humo atasimama juu ya nini, kama si juu ya maneno ya Mwenyezi Mungu? Wachimba visima wawili walioitwa wakasema hata wakiruhusiwa hawaingii, mambo hayo yana laana yake. Shomari alikuwa amechuchumaa kando, anasikiliza.

"Kwani tatizo ni miguu?" akauliza.

"Ndiyo, ni miguu," imamu akajibu.

"Basi sitakanyaga."

Wazee wakaridhika, naye akafunga kamba kiunoni, akaketi juu ya kipande cha ubao, akateremshwa, akaning'inia. Kabla ya kila mteremko alitawadha. Kwa kuwa hajui kusoma, alimwomba Mwantumu juzuu ya kumi na sita, akaupapasa ukurasa mmoja kwa kidole gumba na cha shahada, macho ameyafumba, akasema, "Nimeshaijua." Siku mbili aliogelea hewani humo ndani, akiinama kichwa chini, akipapasa karatasi moja baada ya nyingine. Kila alichokitoa kilipandishwa kwenye ungo uliotandikwa kitambaa safi, na kila kisichohusika kilirudishwa kwa adabu ileile. Kamba ilimchubua kiuno mpaka shati likashika damu. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, sauti ikatoka chini: "Vuteni taratibu. Hii nene."

Ilikuwa yenyewe. Suratul Anbiyaa na majani yake mekundu. Watu wakapiga takbira. Mwantumu alikuwa ameshika kamba pamoja na wengine, na alipoachia aliona viganja vyake vimechunika. Havikumuuma.

Lakini mchwa walishafika. Karatasi mbili za katikati zilikuwa zimeliwa zote, na zilizobaki zimeshikana. Juzuu yenye pengo si juzuu. Ukimpa mtu aisome, hitima haijatimia. Ikapelekwa kwa Maalim Dhikiri.

Maalim aliifungua kwa ubapa wa kisu cha mwanzi, ukurasa kwa ukurasa, akapuliza vumbi la mchwa, akashona upya. Kisha akatoa chini ya godoro lake karatasi mbili. Zilikuwa za zamani, nene vilevile, alizorithi kwa babake. Miaka hamsini alizihifadhi, akingoja siku atakayoandika kazi ya kuachia dunia jina lake.

"Zilikuwa mbili tu, maalim?" Mwantumu akamuuliza.

"Mbili tu. Na huyu bwana aliyeandika hakuweka jina. Kwa hiyo nami siwezi kuweka langu."

Alichemsha wino wa masizi na gundi ya mgunga. Siku ishirini na moja aliandika, asubuhi tu mwanga ukiwa mzuri, mkono wa kushoto umeukaba wa kulia usitetemeke. Mstari mmoja, anapumzika, mstari mwingine. Aliacha mwandiko wake aliozaliwa nao, akafuata wa yule mtu, hata pale alipoona yule mtu amekosea kupendeza. Alipomaliza aliwapa watu watafute karatasi zake ni zipi. Hakuna aliyezijua.

Basi siku hiyo hiyo, wote watatu wakakutana ukumbini kwa Mzee Mwinyimvua. Sanduku lilikuwa katikati, juzuu thelathini ndani yake, mifuko thelathini, na safari hii kila mfuko umechunguliwa. Begi la Mwantumu lilikuwa mlangoni. Mumewe alikuwa amepiga simu mara tatu kumuuliza anarudi lini, na kesho yake asubuhi alikuwa na basi.

Maalim Dhikiri ndiye aliyeanza. "Binti yangu, mimi sipendi kujisemea. Lakini kilichotoka kisimani hakikuwa juzuu. Kilikuwa makaratasi. Kilichomo humu leo kimekuwa juzuu mikononi mwangu, na karatasi zangu zimo ndani yake. Sanduku likikaa kwangu, litatengenezwa kila likiharibika."

"Na litatoka?" Bi Mwanahija akauliza.

Maalim akakuna ndevu. "Litatoka. Mara moja kwa mwaka, nami nikiwepo. Mmeona wenyewe yaliyotokea."

"Mara moja kwa mwaka! Watu wa Pangani wafe kwa zamu?"

Shomari akacheka, kisha akaona aibu kucheka. "Dada Mwantumu, mimi maneno sina," akasema. "Wino ungeandika nini, kama nisingeshuka? Kwangu paa linavuja upande mmoja, sikatai, lakini sanduku nitaliweka upande mkavu. Na wakifiwa Kipumbwi, nitalibeba kichwani mpaka Kipumbwi. Huko hamjawahi kulipeleka."

"Na namba utazisomaje, kaka?" Maalim akamuuliza.

"Sitazisoma. Lakini wakinirudishia karatasi ya dukani, nitaijua kabla sijafungua mfuko. Wewe msomaji ulikuwepo siku zote arobaini, ulijua?"



Bi Mwanahija akavuta kanga. "Mimi najua mnavyosema huko nje. Kwamba aliyepoteza anataka zawadi. Haya, nimepoteza. Nimepoteza kwa kuheshimu, lakini nimepoteza. Ila huyu angeshuka kisima kipi, na huyu angeandika nini, kama ningenyamaza? Na wewe, Mwantumu, ulisema atakayerudisha. Hukusema asiwe yeye aliyepoteza. Kwangu mlango hauna komeo, na Mzee alijua. Akiomba tajiri nitampa, akiomba mlevi mwenye msiba nitampa. Na kila mfuko nitauchungulia mpaka macho yanitoke, maana mimi ndiye ninayejua inavyokuwa."

"Leo unachungulia," Shomari akasema kwa upole. "Mwakani je, bibi, macho yakizidi kufifia?"

Hapo mtu akabisha hodi. Alikuwa mwanamke wa Bweni, miguu yake bado ina tope la kivukoni. Mama yake amefariki, wameshamzika, na hitima ni kesho laasiri. Ameambiwa liko sanduku. Je, aliombe kwa nani?

Wote watatu wakamgeukia Mwantumu.

Yeye akalitazama sanduku. Akimpa Bi Mwanahija, atakuwa amezawadia kosa. Akimpa Shomari, atakuwa amempa maandishi asiyeweza kuyasoma. Akimpa Maalim, atakuwa amelifungia, na hilo baba alilikataza. Akimnyima yeyote kati yao, atakuwa amevunja ahadi, maana kila mmoja ameirudisha juzuu, na hakuna aliyeirudisha peke yake. Aliwaza yote hayo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekunja nguo. Hakumpenda mmoja kuliko mwingine. Hakumwogopa yeyote kumuudhi. Jambo lilikuwa gumu, na katika nyumba ile mambo magumu yalikuwa na mwenyewe. Akageuza kichwa kuelekea chumba cha ndani, akapaza sauti kidogo, kama alivyozoea tangu utotoni:

"Baba, nimpe nani?"

Wote walimsikia. Naye akangoja. Nawaambieni alingoja kweli, shingo ameielekeza kwenye pazia, mpaka mwanamke wa Bweni akainamisha uso.

Hakuna aliyeitika.

Ilikuwa siku ya sitini na tano, na ndiyo siku Mwantumu alipojua kwamba baba yake amekufa. Alikaa sakafuni, akakiegemeza kichwa kwenye sanduku, na kilio kilichomtoka kiliwafanya majirani watoke nje kuuliza ni nani tena amefariki.

Alilia sana, na kulia hakukumpa jibu. Basi lake ni la alfajiri. Mgeni wa Bweni bado amesimama mlangoni, na hajui amwombe nani. Bi Mwanahija, Shomari na Maalim Dhikiri bado wako palepale, na kila mmoja anasema kweli.

Mwenye kujibu hayupo. Nawauliza nyinyi, mmoja mmoja, na asiseme mtu "wote watatu", maana sanduku ni moja na ufunguo wake ni mmoja. Je, wewe ungemwambia nani, "Chukua"?